Jinsi ya Kutafiti Historia na Utamaduni wa Wajerumani wa Kaskazini-Mashariki mwa Ulaya

Kwa muda wa miaka 700 hivi, watu waliozungumza Kijerumani waliishi katika ukanda wa Bahari ya Baltiki unaoanzia mdomo wa mto Vistula hadi Ghuba ya Finland, yaani katika nchi ambazo leo ni Polandi, Lituanya, Latvia na Estonia, pamoja na kile kipande cha Urusi kinachozunguka mji wa Kaliningrad. Walifika wakiwa wafanyabiashara, watawa, askari, mafundi na wachungaji; wakajenga miji, wakamiliki mashamba makubwa, wakachapa vitabu na kuendesha vyuo; na kati ya 1939 na 1948 karibu wote wakaondoka, baadhi kwa mikataba ya serikali, baadhi kwa kuikimbia vita na baadhi kwa kufukuzwa. Karatasi zao zilibaki, nazo zimetawanyika katika nchi kadhaa, zikiwa zimeandikwa kwa lugha zinazozidi tano. Mwongozo huu umekusudiwa kwa mtu anayetaka kuzifikia karatasi hizo na kuzielewa, awe mwanafunzi wa chuo kikuu, mwandishi, au mtu anayefuatilia tu jambo lililomgusa.

Ushauri wangu mkuu nautoa mapema, kwa sababu mengine yote yanautegemea: anza na mahali, wala usianze na kabila. Anayeingia hifadhini akiuliza habari za "Wajerumani" ataletewa rundo lisilo na mwisho, au hataletewa chochote, maana nyaraka za zamani hazikupangwa hivyo. Zilipangwa kwa usharika, kwa shamba la kabaila, kwa baraza la mji na kwa chama cha mafundi. Tena Wajerumani hawa hawakuwahi kuishi peke yao. Karibu kila kitabu kinachowataja kinawataja pia Waestonia, Walatvia, Walituanya, Wapolandi, Warusi au Wayahudi waliokuwa majirani, watumishi, washindani au wakwe zao, na mtafiti anayewachomoa Wajerumani peke yao kutoka humo hubaki na nusu ya habari.

Kutofautisha nchi mbili zisizofanana

Kabla ya kuchagua mahali, ni lazima kuelewa kwamba eneo hili lilikuwa na dunia mbili. Ya kwanza ni Prussia. Shirika la Wateutoni, yaani watawa waliokuwa pia askari, liliiteka nchi ya Waprusi wa kale katika karne ya 13 na kuanzisha Königsberg (leo Kaliningrad) mwaka 1255. Shirika hilo lilishindwa na majeshi ya Polandi na Lituanya huko Grunwald tarehe 15 Julai 1410, na mwaka 1525 mkuu wake, Albrecht, akaingia Ulutheri na kuigeuza nchi kuwa milki ya kidunia. Humo wakulima, wavuvi na wafanyakazi wengi walikuwa wasemaji wa Kijerumani pia, na karne kwa karne lugha hiyo ikawa ya walio wengi, ingawa Kilituanya kilisikika sana mashariki na Kipolandi kusini.

Dunia ya pili ni mikoa ya Baltiki: Estland (kaskazini mwa Estonia ya leo), Livland (kusini mwa Estonia na kaskazini mwa Latvia) na Kurland (magharibi na kusini mwa Latvia). Riga ulianzishwa mwaka 1201 na Askofu Albert, na Reval, ambao leo ni Tallinn, ulipewa sheria ya mji wa Lübeck mwaka 1248. Wajerumani wa huku hawakuwa umati. Walikuwa tabaka la juu: makabaila, wachungaji, madaktari, wanasheria, wafanyabiashara na mafundi wa mjini, ambao mwishoni mwa karne ya 19 hawakufikia hata asilimia 10 ya wakazi wote. Hata hivyo walishika ardhi, mahakama, makanisa na shule, na waliendelea kuvishika chini ya wafalme wa Uswidi na hata baada ya 1710, miji na makabaila wa Livland na Estland walipojisalimisha kwa Petro Mkuu wa Urusi kwa masharti ya kulindiwa sheria, dini na lugha yao. Kurland ilifuata njia yake chini ya watawala wake hadi 1795, ilipoingia nayo Urusi.

Swali linalofaa Prussia huenda lisifae Livland. Ukiuliza namna wakulima wa Kijerumani walivyoishi, Prussia itakujibu kwa wingi, na Livland haitakuwa na la kusema, kwa kuwa mkulima wa huko alikuwa Mlatvia au Mwestonia. Vikundi vingine vidogo, kama vile Wajerumani wa Lituanya na wale wa St. Petersburg, vinahitaji njia zao, na ni afadhali anayeanza aviache kwanza.

Majina ya mahali

Ukishachagua mji au kijiji, kazi ya kwanza ni kuandika majina yake yote. Nimeshuhudia utafiti wa wiki nzima ukipotea kwa sababu mtu alitafuta jina moja tu. Tallinn ni Reval, Tartu ni Dorpat, Pärnu ni Pernau, Viljandi ni Fellin na Kuressaare ni Arensburg. Jelgava ni Mitau, Liepāja ni Libau, Ventspils ni Windau na Cēsis ni Wenden. Klaipėda ni Memel, Olsztyn ni Allenstein, Gdańsk ni Danzig, Elbląg ni Elbing na Toruń ni Thorn. Jina la Kijerumani mara nyingi halifanani hata kidogo na jina la wenyeji, kwa hiyo hakuna kubahatisha.

Serikali nazo zilibadilisha majina kwa makusudi. Mwaka 1893 Warusi waliubadilisha mji wa Dorpat kuwa Yuryev, na jina hilo likadumu hadi 1918. Kwa hiyo shahada ya udaktari ya 1900 iliyotolewa Yuryev ilitoka katika chuo kikuu kilekile cha Dorpat. Prussia Mashariki, mkoa uliouzunguka Königsberg, ilipatwa na jambo zito zaidi. Mwaka 1938 utawala wa Kinazi ulifuta mamia ya majina yenye asili ya Kilituanya, Kipolandi au Kiprusi cha kale na kuweka mengine yaliyosikika kuwa ya Kijerumani zaidi. Chukua mji wa Stallupönen. Hadi 1938 uliitwa hivyo, kisha ukaitwa Ebenrode kwa miaka michache tu, na baada ya vita Wasovieti wakauita Nesterov, jina lililopo hadi leo. Pillkallen nao ukawa Schloßberg, halafu Dobrovolsk. Ramani ya 1910, orodha ya wakimbizi ya 1945 na ramani ya leo zitakupa majina matatu ya mahali pamoja, na katalogi ya hifadhi inaweza kutumia lolote kati ya hayo.

Kwa hiyo tengeneza karatasi moja ya mahali pako. Andika jina la Kijerumani la zamani, jina la 1938 kama lipo, jina la wenyeji, jina la Kirusi na jina la Kipolandi. Kisha andika usharika, wilaya na mkoa wa kila kipindi. Mkoa una uzito kuliko unavyodhaniwa. Livland ya zamani ilijumuisha kusini mwa Estonia na kaskazini mwa Latvia, na makao yake makuu yalikuwa Riga. Anayetafiti Tartu, mji wa Estonia ya leo, hapaswi kushangaa akiambiwa kwamba nyaraka anazozitaka ziko Latvia.

Lugha na mwandiko

Kijerumani cha kusoma hakiepukiki, ingawa hakihitaji kuwa cha ufasaha wa kuzungumza. Nyaraka za wafanyabiashara wa Hanse (muungano wa miji ya biashara ya kaskazini) na mabaraza ya miji hadi karne ya 16 ziko katika Kijerumani cha Chini, ambacho kwa msomaji wa Kijerumani cha leo ni kama lugha nyingine, na za kanisa la Kikatoliki ziko kwa Kilatini. Kipindi cha Uswidi kina barua za Kiswidi, na tangu miaka ya 1890 vitabu vya makanisa ya Kilutheri katika mikoa ya Baltiki vinaandikwa kwa Kirusi. Usijaribu kujifunza zote. Chagua karne moja, ujifunze lugha ya karne hiyo.

Kikwazo kinachowakatisha tamaa wengi ni mwandiko. Hadi karne ya 20 Kijerumani kiliandikwa kwa mwandiko uitwao Kurrent, ambao herufi zake zina maumbo yake yenyewe. Herufi e inafanana na n. Herufi u hutofautishwa na n kwa kipinde kidogo juu yake. Herufi h ina vitanzi viwili, kimoja juu na kimoja chini ya mstari. Mwandiko wa Sütterlin, uliofundishwa shuleni Prussia tangu 1915 na kupigwa marufuku 1941, ni ndugu yake mdogo na ni rahisi zaidi. Njia inayofaulu ya kujifunza ni kuandika kwa mkono wako mwenyewe: andika majina ya miezi, maneno Vater na Mutter, na jina la usharika wako kwa Kurrent mara nyingi hadi mkono uzoee, kwa sababu jicho hutambua upesi umbo ambalo mkono umelichora. Programu ya Transkribus inaweza kukusomea miandiko ya namna hii, nami naipendekeza kwa kurasa nyingi, lakini hupotoka hasa kwenye majina ya watu na vijiji, yaani pale pale unapohitaji uhakika. Kuna msaada mmoja ambao waandishi wa zamani walituachia bila kukusudia: maneno ya kawaida waliyaandika kwa Kurrent, ilhali majina ya watu na maneno ya Kilatini waliyaandika mara nyingi kwa mwandiko wa Kilatini, hivyo majina hujitokeza ukurasani yenyewe.

Tusome mstari wa kitabu cha ubatizo cha karne ya 18. Mwanzoni pameandikwa "d. 3. 7br. geb., d. 10. ej. get." Asiyejua atasema mtoto alizaliwa tarehe 3 Julai. La hasha. 7br ni Septemba, kwa kuwa septem kwa Kilatini ni saba. 8br ni Oktoba, 9br ni Novemba, na Xbr ni Desemba. Neno ej. ni kifupisho cha Kilatini chenye maana ya "mwezi huohuo", geb. ni "amezaliwa" na get. ni "amebatizwa". Mtoto basi alizaliwa tarehe 3 Septemba na kubatizwa tarehe 10. Baada ya hapo linakuja jina la baba, na pembeni yake neno Krüger. Linaweza kuwa jina la ukoo, na linaweza kuwa kazi yake, kwa maana Krüger ni mwenye kilabu cha pombe kando ya barabara. Utajua kwa kusoma kurasa kumi za mbele na nyuma: kama mchungaji huyo ana desturi ya kuandika kazi baada ya jina, utaona Müller kwenye kinu na Schmidt kwenye uhunzi kwa mpangilio uleule. Mwisho wanaorodheshwa wasimamizi wa ubatizo, na wengi huwaruka. Usiwaruke. Akiwemo mke wa kabaila katika ubatizo wa mtoto wa msimamizi wa shamba, umeona uhusiano ambao hakuna barua itakayokueleza waziwazi.

Tarehe

Mikoa ya Baltiki chini ya Urusi ilitumia kalenda ya Julius hadi 1918, ilhali Prussia ilikwisha kuingia kalenda ya Gregori tangu mwanzoni mwa karne ya 17. Tofauti ni siku 11 katika karne ya 18, siku 12 katika karne ya 19, na siku 13 katika karne ya 20. Barua iliyoandikwa Königsberg tarehe 15 Mei 1850 na kugongwa muhuri wa kupokewa Riga tarehe 8 Mei haikufika kabla ya kuandikwa. Ilichukua siku tano. Katika madondoo yako nakili tarehe kama ilivyo, kisha weka pembeni ile uliyoikokotoa, na usifute ya kwanza kamwe.

Nyaraka ziko wapi

Nyaraka nazo zilihama pamoja na watu, na njia zilizopita ndizo zinazoeleza zilipo leo. Hifadhi ya Königsberg, yenye barua na hesabu za Shirika la Wateutoni na za watawala wa Prussia, ilihamishwa kuelekea magharibi wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ikakaa Goslar, kisha Göttingen, na mwaka 1979 ikapelekwa Berlin, katika hifadhi ya serikali iitwayo Geheimes Staatsarchiv, iliyoko mtaa wa Dahlem. Kwa hiyo anayetafiti Prussia Mashariki ya kale anaanzia Berlin, na Kaliningrad inafuata baadaye. Vitabu vya makanisa ya Kilutheri ya Prussia Mashariki vilivyookoka viko kwa sehemu kubwa Berlin pia, katika hifadhi kuu ya Kanisa la Kiinjili, na vingine viko Olsztyn, ambako hifadhi ya serikali ya Polandi ina nyaraka nyingi za kusini mwa mkoa huo. Nyaraka za mji wa Danzig ziko Gdańsk.

Hifadhi ya mji wa Tallinn ina kisa chake. Nyaraka zake za zama za kati zilichukuliwa na Wajerumani wakati wa vita, zikabaki Ujerumani Magharibi kwa miongo kadhaa, na zikarudi Tallinn mwaka 1990, wakati ambapo miji ya Hanse ya Ujerumani nayo ilirudishiwa zake kutoka Muungano wa Kisovieti. Ukisoma kitabu cha miaka ya 1970 kinachotaja hati ya Reval kwamba iko Göttingen, usipande treni kwenda Göttingen.

Habari njema ni kwamba vitabu vya makanisa vya Estonia na Latvia vimepigwa picha na kuwekwa kwenye intaneti. Hifadhi ya Taifa ya Estonia inaviweka katika tovuti ya Saaga, na hifadhi ya historia ya Latvia katika Raduraksti. Pamoja navyo zimo orodha za sensa za kodi, ziitwazo Seelenrevision, zilizoanza huko mwaka 1782 na kurudiwa mara kadhaa hadi 1858. Zinaorodhesha watu shamba kwa shamba. Magazeti ya Kijerumani ya Riga yanasomeka katika tovuti ya Periodika ya maktaba ya taifa ya Latvia, na ya Estonia katika DIGAR. Magazeti haya naona hayathaminiwi inavyostahili. Matangazo ya kurasa za mwisho, ya mwalimu wa piano anayetafuta wanafunzi au ya meli itakayong'oa nanga kwenda Lübeck, hukuonyesha maisha ya kila siku ambayo hotuba za wakuu hazikuyagusa.

Ndani ya Ujerumani, mahali pa kuuliza ni Nordost-Institut mjini Lüneburg, taasisi inayoshughulikia mada hii hasa, na Herder-Institut mjini Marburg, iliyoanzishwa 1950, yenye maktaba kubwa, ramani, picha na filamu ndogo za nyaraka za Baltiki. Lüneburg kuna pia jumba la makumbusho la Prussia Mashariki, lenye sehemu ya Wajerumani wa Baltiki. Tume ya wanahistoria wa Baltiki, Baltische Historische Kommission, imeweka kwenye intaneti kamusi ya maisha ya watu wa mikoa hiyo, ambayo huokoa muda mwingi unapokutana na jina la mchungaji au daktari usiyemjua.

Nyaraka za Bayreuth, mji wa kusini mwa Ujerumani, zinastahili kutajwa peke yake. Sheria ya Ujerumani Magharibi ya mwaka 1952 iliwaruhusu waliopoteza mali mashariki kudai fidia, na kila mdai alijaza fomu akieleza nyumba yake, vyumba vyake, eka zake, farasi na ng'ombe wake, na majirani wanaoweza kumshuhudia. Mafaili hayo yamo katika tawi la Bundesarchiv, hifadhi ya taifa ya Ujerumani, lililoko Bayreuth. Hakuna chanzo kingine kinachokuingiza ndani ya nyumba za 1944 kwa ukaribu huo. Hata hivyo yana habari za watu binafsi na kuna masharti ya kuyaona, na mdai alikuwa na sababu ya kukumbuka mali yake kuwa nyingi. Linganisha na orodha za kodi au ramani za mashamba kila inapowezekana.

Unapoiandikia hifadhi, andika kwa ufupi: mahali kwa majina yake yote, miaka kamili, na aina ya hati unayoitafuta. Barua inayosema "nataka habari za Wajerumani wa Kurland" hujibiwa kwa adabu tu. Inayosema "naomba kujua kama mmehifadhi vitabu vya mazishi vya usharika fulani wa Mitau, 1780 hadi 1800" hujibiwa kwa namba za mafaili.

Nani alikuwa Mjerumani

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika. Wakulima wa Kiestonia na Kilatvia hawakuwa na majina ya ukoo rasmi hadi walipoachiliwa kutoka utwana, Estland mwaka 1816, Kurland 1817 na Livland 1819. Majina ya ukoo yalitolewa katika miaka ya 1820 na 1830, na mara nyingi waliosimamia zoezi walikuwa kabaila na mchungaji, wasemaji wa Kijerumani, ambao waliwagawia wakulima majina ya Kijerumani. Ndiyo maana Rosenberg au Grünfeldt katika kijiji cha Estonia anaweza kuwa mtoto wa mkulima ambaye ukoo wake haukuwahi kusema neno la Kijerumani. Jina peke yake si ushahidi.

Upande wa pili, Mwestonia au Mlatvia aliyepata elimu, akahamia mjini na kuoa katika familia ya fundi, alihesabiwa kuwa Mjerumani baada ya kizazi kimoja au viwili. Waestonia walikuwa na neno la dhihaka kwa waliokuwa njiani, kadakasaksad, "Wajerumani wa mreteni", kwa jina la kichaka cha malishoni. Miji ya zamani nayo iliwaita wenyeji Undeutsche, "wasio Wajerumani", na vyama vingi vya mafundi viliwafungia mlango. Katika nyaraka, basi, "Mjerumani" ni jina la hadhi kwa kiwango kilekile ambacho ni jina la lugha. Alama za kutafuta ni tatu: kama mtu ameandikwa Herr ("Bwana"), au ametajwa kwa jina la kwanza na la shamba tu, kama ameandikwa katika kitabu cha usharika wa Wajerumani au katika kile cha wenyeji, kwa kuwa parokia nyingi ziliweka vitabu viwili, na kama amezikwa kwa kengele na mahubiri au kimyakimya.

Utamaduni

Nyimbo, vitabu na majengo ya eneo hili yalizaliwa mpakani mwa lugha. Kitabu cha kwanza kilichochapwa kwa Kilituanya, katekisimu ya Martynas Mažvydas, kilitoka Königsberg mwaka 1547, mji wa Kijerumani uliokuwa na chuo kikuu tangu 1544. Mwanafalsafa Johann Gottfried Herder, mzaliwa wa Mohrungen katika Prussia Mashariki, alifundisha Riga kuanzia 1764 hadi 1769, na mkusanyo wake wa nyimbo za watu wa 1778 na 1779 ulijumuisha nyimbo za Kiestonia, Kilatvia na Kilituanya. Aliyemsaidia kuzipata za Kiestonia ni mchungaji August Wilhelm Hupel wa Oberpahlen (leo Põltsamaa, Estonia). Ukitafiti utamaduni wa wachungaji hawa, tafuta upande wa pili wa kazi yao: sarufi, kamusi na mahubiri waliyoyaandika kwa lugha za washarika wao.

Kwa picha za majengo, hakuna anayemshinda Johann Christoph Brotze, mwalimu wa Riga aliyefariki 1823, ambaye kwa miongo mingi alichora makanisa, milango, mihuri, mavazi na mawe ya makaburi. Juzuu zake kumi zimehifadhiwa katika maktaba ya kitaaluma ya Chuo Kikuu cha Latvia, na vingi kati ya alivyovichora havipo tena.

Mfano wa namna kitu kimoja kinavyobeba historia ndefu ni nyumba ya Undugu wa Vichwa Vyeusi mjini Tallinn, katika mtaa wa Pikk. Undugu huo ulikuwa chama cha wafanyabiashara vijana ambao hawajaoa, na msimamizi wao alikuwa Mtakatifu Maurice, askari shahidi kutoka Misri. Juu ya mlango uliochongwa katika karne ya 17 kuna kichwa cha mtu mweusi, nembo yao. Mtafiti akisimama mbele ya mlango huo ana maswali ya kutosha kwa mwaka mzima: nani aliruhusiwa kuingia, nani alilipia uchongaji, na vijana hao wa kaskazini walimfahamuje mtakatifu wa Misri? Nyumba ya undugu huo mjini Riga, iliyotajwa kwa mara ya kwanza 1334, iliteketezwa 1941, mabaki yake yakabomolewa 1948, na inayoonekana sasa ilijengwa upya na kukamilika 1999. Unapoipiga picha, andika tarehe hiyo.

Kuwasoma walioandika kabla yako

Kila kitabu cha zamani kuhusu mada hii kiliandikwa na mtu aliyekuwa na la kutetea. Wanahistoria wa Kijerumani wa Baltiki walijieleza kama walioleta ustaarabu. Waestonia wa karne ya 19 na 20 walizungumza juu ya usiku wa utumwa wa miaka 700. Utafiti wa Kijerumani kuhusu mashariki kati ya vita vikuu viwili ulitumika kuhalalisha madai ya ardhi, na baadhi ya wanahistoria wake waliutumikia utawala wa Kinazi moja kwa moja. Baada ya vita, sheria ya Ujerumani Magharibi ya 1953 iliyowahusu waliofukuzwa, katika kifungu chake cha 96, iliipa serikali wajibu wa kutunza urithi wao, na taasisi kadhaa nilizozitaja zinaishi kwa fedha hizo. Hilo haliwavunjii heshima watafiti wake wa leo, wanaofanya kazi bega kwa bega na wenzao wa Tartu, Riga na Olsztyn. Wewe lakini angalia mwaka wa kuchapwa na mahali pa kuchapwa kabla ya ukurasa wa kwanza.

Miaka ya 1939 hadi 1945 inadai uangalifu wa pekee. Kwa mikataba ya Ujerumani ya tarehe 15 Oktoba 1939 na Estonia na tarehe 30 Oktoba 1939 na Latvia, takribani Wajerumani 14,000 wa nchi ya kwanza na zaidi ya 50,000 wa nchi ya pili walipakiwa melini, wengi wao wakapelekwa katika sehemu za Polandi zilizokuwa zimetekwa. Kumbukumbu za familia husimulia kwa uchungu kuaga bandari ya Riga, na uchungu huo ni wa kweli. Ni wajibu wa mtafiti kuuliza nyumba walizoingia zilikuwa za nani, na jibu ni kwamba nyingi zilinyang'anywa Wapolandi na Wayahudi. Vivyo hivyo anayeandika juu ya Riga ya Kijerumani hawezi kuiruka Rumbula, msitu ulio karibu na mji huo, ambako tarehe 30 Novemba na 8 Desemba 1941 Wayahudi wapatao 25,000 waliuawa.

Ukipata nafasi ya kusafiri, acha siku moja kwa makaburi. Riga una Makaburi Makuu na Tartu una Raadi, yote yakiwa yameanza kutumika mwaka 1773, na maandishi yake ya Kijerumani, Kirusi, Kilatvia na Kiestonia yanasimama karibu karibu. Piga picha jiwe zima kwanza, kisha maandishi, kisha mawe ya jirani, kwa sababu familia zilizikwa pamoja. Nenda asubuhi au alasiri, jua linapoangaza kutoka ubavuni, ndipo herufi zilizolika huonekana. Tallinn hutayakuta makaburi ya Kopli, yaliyotumiwa na Wajerumani wa mji tangu karne ya 18, maana Wasovieti waliyaondoa miaka ya mwanzo ya 1950 na mahali pake pamekuwa bustani. Kwa waliozikwa humo, fungua vitabu vya mazishi vya sharika zao katika Saaga, uanze na mwaka wa kifo na kurudi nyuma.